Kipengele cha Saba cha Waranti

"Mnaniosha na bado sijafa?"

Hayo ndiyo maneno ya Bibi siku paa lilipoanza kuvuja. Ilikuwa alasiri, mvua imekolea, naye amelala chali kama ilivyokuwa kawaida yake tangu nyonga ilipovunjika. Nilikimbilia chumbani nikamkuta anajifuta uso kwa pindo la shuka. Tone jingine likadondoka kwenye mto wa kulalia, kando ya sikio lake. Halikuwa la maji safi. Lilikuwa na rangi ya chai iliyolala, na pale lilipotua liliacha duara la kahawia lenye ukingo mweusi. Niliunusa ule mto nikajuta. Ulinuka kutu na panya.

Niliinua macho. Dari lilikuwa limevimba kama tumbo lililojaa maji, na ukungu umelipiga madoadoa. Nikalisukuma kidogo kwa mpini wa ufagio. Ubao ukabonyea kama mkate uliolowa, ukaachia ujiuji mweusi ulioteremka na mpini mpaka kiganjani mwangu. Nilinawa kwa sabuni mara tatu, na bado mpaka usiku nilihisi ule utelezi katikati ya vidole.

Shangazi yangu, mwenye nyumba, alisimama mlangoni akitazama juu. Bibi ni mama yake mzazi, mimi ni binti wa kaka yake, na sisi watatu ndio wakazi wa nyumba hiyo. Aliijenga alipostaafu ukunga, baada ya kuzalisha nusu ya mji.

"Paa hili lina miaka minne," alisema. "Minne tu."

Tukamhamishia Bibi sebuleni, tukaweka ndoo chumbani, kisha Shangazi akaenda kabatini kwake akarudi na faili.

Mabati yale aliyanunua kwenye duka kubwa la kampuni moja, duka la vioo, ambako ukutani waliandika kwa herufi zinazomzidi mtu kimo: WARANTI MIAKA 25. Aliniambia ni hiyo ishirini na mitano iliyomvuta. Alipiga hesabu akaona hata yeye akifa, paa litakuwa bado lipo hai.

"Haya, msomi," akanisukumia karatasi. "Soma."

Mimi nauza dawa, na maandishi madogo nimeyazoea, kwa sababu kwenye boksi la dawa huko ndiko madhara yanakofichwa. Nikasoma neno kwa neno, naye akisikiliza huku amefumba macho. Ile miaka ishirini na mitano ilianza kusinyaa tangu ukurasa wa pili. Ishirini na mitano ilihusu bati kutoboka kwa kutu. Rangi kubanduka, miaka kumi. Kazi ya kupaua haikuwamo kabisa. Hiyo walisema ni baina yako na fundi wako. Ukiuza nyumba, waranti inakufa, haimfuati mnunuzi. Halafu yakaja masharti. Ujisajili ndani ya mwezi mmoja. Utumie skrubu zenye mpira, si misumari. Bati likatwe kwa mkasi, si kwa mashine ya kutoa cheche. Paa lioshwe kila miezi sita, na uwe na kumbukumbu za kuonyesha kwamba uliosha.

"Watu wangapi wanajua hili la kuosha?" niliuliza.

"Mimi." Akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila miezi sita, tarehe, saa, na jina la aliyeshika mpira wa maji. Mkunga huandika kila kitu, maana asiyeandika hujikuta siku moja amesimama mbele ya daktari mkuu hana la kujibu. Karatasi ya usajili ilikuwepo. Risiti ya skrubu ilikuwepo.

Kipengele cha saba kilisema waranti haitahusika pale bati litakapoharibiwa na "kinyesi cha ndege, popo au mnyama mwingine yeyote." Shangazi alicheka kidogo, akaniambia niendelee.

Nilipomaliza nikasema, "Basi tuna haki."

"Haki tunayo," akajibu. "Tuone kama wao wana haya."

Mkaguzi wa kampuni alikuja Jumanne, siku moja baada ya mvua iliyonyesha siku mbili mfululizo. Alikuwa mtu nadhifu mno: shati jeupe, suruali yenye mkunjo kama wembe, begi begani, na marashi yaliyotangulia kuingia kabla yake. Mkono wake ulikuwa laini na wenye unyevu. Alimpa pole Bibi, akamsifia Shangazi kwa daftari lake, akasema laiti wateja wote wangekuwa hivi. Kisha akaomba ngazi, na akaomba tumwachie nafasi, tukae ndani, kwa ajili ya usalama wetu.

Tulimsikia akitembea juu. Hakuchukua hata robo saa. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja bombani akanawa mikono, akasugua katikati ya vidole, akasuuza, akarudia tena.

"Ananawa kama daktari wa upasuaji," Shangazi akaninong'oneza, na nilidhani anamsifu.

Majibu yalikuja siku ya tisa, kwenye bahasha yenye nembo. Picha tatu za rangi, na chini yake maneno machache: uharibifu umetokana na kinyesi cha ndege kilichoachwa juu ya bati kwa muda mrefu, rejea kipengele cha saba, dai limekataliwa. Mwisho walitushukuru kwa kuwachagua.

Nilijilaumu. Nilifikiri pengine kweli ndege walikuwa wakitua huko juu, nasi hatujui. Shangazi alivaa miwani, akapeleka picha moja dirishani, akaigeuza huku na huku kama anayekagua noti.

"Njoo uone. Hii unaiona nini?"

"Kinyesi, Shangazi."

"Mavi ya nani?"

"Ya ndege. Wameandika."

"Waandike wanavyotaka. Mimi nimefuga kuku nyuma ya zahanati miaka kumi na minane, na kila asubuhi nilikuwa nafagia banda kabla sijaingia wodini. Haya ni ya kuku. Ona yalivyojikunja, ona hiyo kofia nyeupe. Na hizi chembe za njano ni pumba za mahindi. Ndege gani wa angani anakula pumba?"

"Labda kuku wa jirani."

"Jirani yupi? Huyu mwenye paka wanne? Kuku angemaliza wiki hapa?"

Tulitazamana. Nilimkumbuka mkaguzi pale bombani, akisugua katikati ya vidole.

Tulimwita fundi aliyelipaua paa. Mji mzima unamwita Fundi Kitovu, kwa sababu alizaliwa kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, na vidole vilivyokizungusha kikatoka vilikuwa vya Shangazi. Alikuja na ngazi yake ndefu, akapanda. Shangazi akavua viatu akapanda nyuma yake, na miaka yake sitini na nane. Mimi nilipanda mpaka kifua changu kikawa sawa na ukingo wa bati, nikaishia hapo.

Paa lote lilikuwa safi. Vumbi kidogo, majani makavu mawili matatu. Kinyesi kilikuwa kwenye mabati matatu tu, yale yenye kutu juu ya chumba cha Bibi, na kimewekwa juu ya kutu yenyewe, kwenye kila doa tonge moja. Tangu mkaguzi aondoke mvua haikunyesha tena. Lakini kabla hajaja ilikuwa imenyesha siku mbili. Kama kingekuwepo tangu zamani, kingekuwa kimeshaoshwa kikaenda zake. Shangazi alichuchumaa, akakwangua tonge moja kwa kijiti, akalipasua. Ndani mlikuwa na pumba. Pembeni, kwenye rangi, ulionekana mstari wa kupakwa, kama wa mtu anayepaka siagi kwa kisu.

"Hivi kweli," alisema taratibu, "mtu mzima alikaa akayabeba haya kwenye begi?"

Fundi Kitovu alikuwa anaangalia upande wa barabara.

"Mbona huniangalii?" Shangazi akamuuliza.

"Mama, hayo si mageni kwetu. Mafundi tunayaita muhuri. Mkaguzi akishapiga muhuri, faili limefungwa. Anayo kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Kwake anafuga kuku."

"Na hii kutu imetoka wapi?"

Fundi akachuchumaa akakwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba. Ikabanduka kama gamba la kidonda. Chini yake bati lilikuwa limeshakuwa jekundu. Akatoa mfukoni kile kipimo chao cha unene, akakibana kwenye ukingo, akamwonyesha. Bati lilikuwa jembamba kuliko lililoandikwa kwenye risiti, na kwa mbali.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya kupaua. Skrubu zilikuwa zinazama kama kwenye kopo la maziwa. Nilijua, mama. Lakini wale ndio wananipa kazi. Ningesema, nisingeitwa tena."

Nilimtazama Shangazi nikitegemea atamfokea. Hakumfokea. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama chakula alichokuwa akila, akagundua kina funza. Kisha akaniomba nimletee chupa tupu ya jamu kutoka jikoni. Akajaza humo matonge yote, moja baada ya jingine, akafunga kifuniko, akashuka.

Kesho yake tukaenda dukani kwao, mimi na yeye. Alivaa gauni lake la kijivu la siku za mikutano, na mkononi kikapu: faili, daftari, chupa.

Ofisi ya meneja ilikuwa nyuma ya kioo, mwisho wa ukumbi wa maonyesho. Ilinukia ile dawa ya kupulizia yenye harufu ya maua yasiyokuwepo duniani. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti tamu, akamwita Shangazi "mama yangu mzazi" mara tatu kabla hatujakaa. Mkaguzi aliitwa, akaja akasimama kwenye kona, begi begani.

Shangazi aliweka chupa juu ya meza, akafungua kifuniko.

Kinyesi kikikaa kwenye chupa iliyofungwa siku nzima, kwenye joto, kinaiva. Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni. Ile ya maua ikajaribu kupambana nayo, zikachanganyika, ikawa kitu kibaya kuliko zote mbili. Meneja akarudisha kiti nyuma.

"Mama yangu, hii ni ofisi."

"Na ile ni nyumba," Shangazi akasema. "Haya nimeyatoa juu ya kitanda cha mama yangu. Ni ya kuku. Yaliwekwa Jumanne ile ya ukaguzi. Mwambie kijana wako afungue begi lake tuone kuna nini."

Mkaguzi akalikumbatia begi lake kwa mkono. Hakukana. Hilo ndilo lililonishangaza: hakukana, wala hakuona aibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutwa akipiga miayo kazini.

Meneja naye hakumuuliza hata swali moja. Alivuta droo akatoa karatasi. Nilidhani anaandika malalamiko yetu, kumbe ilikuwa fomu, imeshapigwa chapa, na mahali pa jina pameachwa wazi. Ilisema kampuni, kwa moyo wake mwema na bila kukiri kosa lolote, itambadilishia mteja mabati yaliyoharibika na kumlipia fundi. Na mteja, kwa upande wake, hatazungumza jambo hili na mtu yeyote, kwa mdomo wala kwa maandishi. Ilikuwa imetolewa kwenye rundo. Niliziona nyingine chini yake, nene kama daftari la mahudhurio.

"Saini tu hapa, mama yangu. Kesho gari linakuja, jioni bibi amelala pakavu."

Nilimgusa Shangazi kiwiko. Nitasema ukweli: nilitaka asaini. Nilikuwa nimechoka kumwaga ndoo, na Bibi alikuwa ameanza kukohoa sebuleni. Nikamnong'oneza, "Shangazi, tuchukue tuondoke."

Yeye alikuwa anaangalia lile rundo.

"Wangapi wamesaini?" akauliza.

"Hayo ni mambo ya ofisi."

"Basi mimi sisaini. Sikuja kuomba moyo mwema. Nimekuja na waranti. Nilijisajili, niliosha, nilitumia skrubu mlizotaka. Nipeni kilichoandikwa mle."

"Mama, ukienda kwa waranti peke yake, utapata mabati tu. Kazi haimo."

"Najua. Nimeisoma."

Wakati huo harufu ilikuwa imeshapita chini ya mlango. Ukumbini walikuwepo mume na mke wakichagua rangi, wameshika ile kadi ya vipande vya bati. Mke akasogea mpaka kwenye kioo, akaziba pua kwa kiganja, akafungua mlango kidogo.

"Samahani jamani. Mama, hicho ni nini?"

Shangazi akamgeukia pale kitini. "Hiki ni kipengele cha saba, mwanangu. Kaa nikusomee."

Na akamsomea. Alisoma kwa sauti ile ya zahanati, ya kuwaeleza wajawazito dalili za hatari, hakuongeza neno wala kupunguza. Alipofika kwenye neno kinyesi alinyanyua chupa. Mume alikuja naye akasikiliza, akatazama chupa, akamtazama mkaguzi, akatazama begi. Kisha wakaweka ile kadi ya rangi juu ya kaunta, taratibu, kama watu wanaorudisha kitu walichookota mahali pachafu, wakatoka.

Meneja akasimama. "Yafunge hayo," alisema, na sauti haikuwa tamu tena. Akaenda chumba cha pili akapiga simu. Aliporudi alitia saini idhini ya mabati, chini ya waranti, bila ile fomu. Alitusukumia kwa ncha ya kidole.

Mabati yalifika siku ya tatu. Shangazi aliyapima moja moja uani kwa kipimo alichokiazima, akarudisha mawili, wakaleta mengine. Fundi Kitovu aliyafunga bila kuitisha chochote. Alisema ile kazi ilikuwa yake tangu mwanzo na hakuifanya kwa haki. Alifanya vizuri, na ubao wa dari akaubadilisha. Mchana nilimpelekea maji, kwa sababu Shangazi hakutaka kumpelekea. Alipomaliza alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nisamehe."

"Kazi yako nimeipokea," Shangazi akamwambia. "Hilo jingine bado liko kooni."

Bibi akarudi chumbani kwake. Mvua iliyofuata aliisikiliza juu ya bati, akasema inanyesha kwa adabu sasa. Nilicheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa amepata alichokitaka, lakini kwa wiki kadhaa hakula yai, na alikuwa akinawa mikono pasipo sababu.

Habari zilienea, watu wakaanza kuja na karatasi zao. Tuliwasomea sebuleni, mimi na yeye, tukawaonyesha ya kampuni ni yapi, ya fundi ni yapi, na yapi wanatakiwa kuyafanya wao wenyewe kila miezi sita. Wengi hawakuwahi kufungua ukurasa wa pili. Siku moja akaja jirani yetu, mwalimu mstaafu, mwenye nyumba mtaa wa pili. Hakuwa na karatasi. Alikaa akanywa chai, akazungumza habari za miguu yake, mwisho akasema hata yeye lilimpata, miaka sita iliyopita. Muhuri ule ule.

"Miaka sita?" Shangazi akauliza. "Na mimi nilipokuja kukuuliza ninunue wapi mabati, si ulinielekeza kwa hao hao?"

"Nilikuwa nimesaini," mwalimu akasema. "Nikikataa kukuelekeza, ungeuliza kwa nini."

Shangazi alisimama akachukua kikombe chake, kikiwa bado kina chai nusu, akakipeleka jikoni. Nilisikia akikiosha kwa muda mrefu. Mwalimu alisubiri, akaona harudi, akaniaga mimi akaondoka.

Kampuni haikufungwa. Lile duka la vioo bado lipo, na yale maandishi ya ukutani wameyapaka upya. Sasa ni miaka thelathini. Mkaguzi tu ndiye aliyehama. Tulikutana naye miezi kadhaa baadaye, mimi na Shangazi, tukitoka kumchukulia Bibi dawa. Alikuwa amesimama nje ya duka la matangi ya maji, shati jeupe, beji mpya kifuani. Alituona akatabasamu kwa furaha, kama mtu aliyeona ndugu zake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Shangazi akajibu.

Ilimtoka kabla hajaizuia, mdomo umezoea. Tulitembea kama hatua ishirini. Kisha akasimama kando ya barabara, akaegemea ukuta, akatema mate kwenye mchanga, mara moja, na mara ya pili, akajifuta midomo kwa leso.

"Twende," akaniambia. "Dawa za mama zitachelewa."